Tusipuuze Onyo la Panya

Homa ya chikungunya ilipewa jina na wananchi wa kusini. Mwaka 1952 ilizuka katika uwanda wa juu wa Makonde, nyuma ya pwani ya Lindi, nao Wamakonde wakaiita kwa maana ya kinachokunja, kwani mgonjwa huinama kwa maumivu ya viungo. Damu ya wagonjwa ilipelekwa Entebbe, Uganda, ambako Bwana R. W. Ross aliidunga panya, akavipata virusi vyake.

Tangu hapo miaka zaidi ya 70 imepita, wala dawa ya kuviua virusi hivyo mwilini haijathibitishwa. Mvuvi wa Kilwa au mkulima wa korosho aliyekunjika viungo hana kazi wala posho. Kiu yake ya dawa twaielewa. Lakini kiu isitufanye tunywe lolote.

Tuitazame klorokwini, ambayo nchi yetu iliitegemea kwa malaria hadi mwaka 2001. Katika chupa za maabara iliwazuia virusi wa chikungunya wasizaane. Homa ilipowaangusha watu wapatao 266,000 katika kisiwa cha Réunion, mwaka 2006 wagonjwa wengine walipewa dawa hiyo kwa majaribio. Haikuwafaa. Baada ya siku 200, waliomeza klorokwini walilalamikia viungo kuliko wale wasiopewa.

Na onyo lilikuwapo! Mwaka 1991 ilionekana kwamba, ndani ya panya, dawa hiyo hiyo ilivizidisha virusi vya Semliki, ambavyo ni ndugu wa chikungunya. Mwaka 2018 majaribio juu ya kima yalithibitisha kwamba huchelewesha kinga ya mwili.

Sisi twasema: chupa si mwili. Dawa ianzie kwa wanyama, wakitumiwa kwa huruma na kwa idadi inayohitajika tu, ndipo iwafikie watu waliokubali kwa hiari. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu na vyuo vikuu vyetu vipewe fedha za kazi hiyo, ili ugonjwa uliopata jina kwetu upate na tiba kwetu.

Nasi wananchi tufunike mapipa na kufukia vifuu ambamo mbu huzaliana. Na kila aletaye dawa mpya tumwulize: imepimwa wapi, na kwa nani? Dawa isiyopimwa yaweza kuwa mwenzi wa maradhi.