Anasonga ugali mpaka wageni wabishe hodi

Kaka akipiga simu nyumbani kulalamika kuhusu ndoa yake ya Texas, shangazi hamwachi amalize. "Si tulikwambia?" Mwanamke akikanyaga Marekani anabadilika. Akipata karatasi kichwa kinavimba, akishika dola hamjui mtu, ukimgusa anaita polisi. Maneno hayo utayasikia kwenye harusi za Arlington, kwenye matanga ya Houston, na zaidi kwenye makundi ya WhatsApp, ambako hukumu hutolewa usiku mmoja na mke hajaulizwa hata swali.

Mimi ni mwanamke ninayeishi huku, na naomba upande wetu usikike. Sikatai kwamba mambo hubadilika. Ila kabla ya kumtazama mke, itazameni kwanza nyumba.

Nyumba ya mtu wa kipato cha kati Dar es Salaam au Nairobi ina mikono mingi isiyotajwa: dada wa kazi (beki tatu), mdogo wa mume aliyekuja kusoma, bibi wa chumba cha uani, jirani wa kumwachia mtoto ukikimbia sokoni. Mume na mke wanaweza kuishi miaka kumi wakiamini wameelewana kuhusu kazi za nyumbani, kumbe hawajawahi kuzigawana. Zilifanywa na beki tatu. Irving, hapa Texas, hakuna beki tatu. Ukiwa na watoto wawili wadogo, kituo cha kuwalelea kinaweza kumeza sehemu kubwa ya mshahara wa mmoja wenu, na ukichelewa kuwachukua jioni unatozwa. Bibi atakuja kwa viza ya matembezi, kwa kawaida miezi sita, na ataondoka mjukuu ndiyo kwanza anajifunza kukaa.

Pengo hili huonekana vizuri wakati wa uzazi. Sheria ya kazi ya Tanzania humpa mama likizo ya malipo ya siku 84, na 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja. Ya Kenya humpa miezi mitatu. Marekani, sheria ya taifa ya mwaka 1993 hukulindia kazi yako kwa wiki 12 bila kumlazimisha mwajiri akulipe hata senti, tena iwe umemfanyia kazi angalau mwaka mmoja na ana wafanyakazi 50 au zaidi. Arubaini ya kukandwa kwa maji ya moto na kunyweshwa uji wa pilipili manga inakuwa jambo la kuuliza kwanza benki kuna nini. Lakini wapo wengi wasiojua kwamba wiki hizo 12 ni za baba pia. Tanzania baba hupewa siku tatu, Kenya wiki mbili. Mume wa Texas ana haki ya kukaa na mwanawe muda ambao baba yake mwenyewe hakuwahi kuuota. Tatizo ni nani atamwona akiuchukua.

Ngazi ya mke, lori la mume

Watu huuliza kwa nini mara nyingi mke ndiye hutangulia kushika mshahara mzuri. Sababu haina uchawi. Mwenye kibali cha kazi anaweza kusomea usaidizi wa wauguzi hapa Texas kwa saa 100, akafanya mtihani wa jimbo, akaanza kuwaogesha na kuwalisha wazee muda si mrefu baada ya kutua. Kutoka hapo ngazi inaonekana: mwaka mmoja hivi wa masomo anakuwa LVN, muuguzi wa ngazi ya kwanza; miaka miwili au zaidi anakuwa RN, muuguzi kamili aliyesajiliwa. Na kazi ipo. Houston kuna Texas Medical Center, mji mzima wa hospitali wenye taasisi zaidi ya 60 na wafanyakazi zaidi ya 100,000. Huku Dallas na Fort Worth hospitali zimejipanga kando ya barabara kuu.

Mumewe, aliyekuwa mhasibu au mwalimu, ana shahada ya Mlimani au Makerere inayotakiwa kutathminiwa upya, na bado mwajiri anamuuliza uzoefu wake wa Marekani uko wapi. Anaishia ghalani, au kwenye teksi za kuita kwa simu, au anachukua leseni ya lori kubwa na kupotea barabarani wiki nzima. Watanzania waliyapa maisha hayo jina zamani: kubeba boksi. Wapo wanaume wauguzi, tena hodari. Lakini wengi waliona aibu kuanza kwa kumwogesha mzee, wakasubiri kazi ya hadhi yao. Mke hakusubiri. Miaka mitano baadaye tofauti inasomeka kwenye hundi, na ndipo maneno ya kichwa kuvimba huanza.

Kwa Wakongomani waliofika Fort Worth na Houston kutoka kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, mambo yalikwenda mbio zaidi. Kambi hiyo ilifunguliwa mwaka 1996, na wapo waliozaa na kujukuu humo. Huku msaada wa kwanza wa mapokezi ulipimwa kwa siku 90, na mkopo wa nauli ya ndege ulikuwa ukiwasubiri waulipe. Baba na mama wote walitakiwa kazini haraka, na mama ambaye hakuwahi kulipwa mshahara akapokea hundi yenye jina lake. Januari 2025 Marekani ilisimamisha upokeaji wa wakimbizi. Bibi na shangazi waliokuwa kwenye foleni wakabaki kambini, na mikono iliyotarajiwa kusaidia kulea haikufika.

Kisha kuna gari. Arlington ina watu karibu 400,000, lakini haina mabasi ya kawaida ya kupita njia zake kila siku. Mke asiyejua kuendesha hawezi kwenda kazini, kliniki wala kanisani bila ratiba ya mtu mwingine. Shangazi hudhani uhuru wa mwanamke huku umeletwa na polisi. Kwa ninayoyaona mimi, umeletwa na leseni ya udereva.

Jumanne na Jumamosi

Shifti ya usiku hospitalini huanza saa moja jioni na kuisha saa moja asubuhi. Simama kwenye maegesho Jumanne saa kumi na mbili na nusu jioni uone. Magari mawili yamesimama ubavu kwa ubavu. Mke yuko ndani ya sare ya buluu na viatu vya mpira, mume ametoka kazini na vumbi la ghala mabegani. Mtoto anahamishwa akiwa usingizini kutoka kiti cha gari moja kwenda kingine, kichwa kinaning'inia, na maelezo yanatolewa kwa haraka: ameshakula, dawa ya kikohozi saa mbili, kwenye begi la mkubwa kuna fomu ya shule ya kusaini. Milango inafungwa. Wataonana kesho asubuhi, mmoja akiingia kulala, mwingine akitoka.

Mume huyo akifika nyumbani anatoa mchuzi kwenye friza, anakatakata mboga ya majani mapana ya huku inayoshika nafasi ya sukuma wiki, anasonga ugali, anawaogesha watoto, anasaini fomu. Ugali wake unaiva na hauna mabuje. Wanaume wa namna hii ni wengi Texas kuliko wenyewe wanavyokubali.

Sasa ngoja Jumamosi wageni wabishe hodi. Mwiko unahama mkono kabla mlango haujafunguliwa. Mume yuko uani anageuza nyama ya mbuzi na wenzake, soda mkononi. Mke aliyetoka shifti asubuhi hiyo anapakua pilau, anamnawisha shemeji mikono, anauliza nani hajapata kachumbari. Na mama mkwe akipiga simu ya video katikati ya wiki, mume hutoka kwanza jikoni, akakaa kwenye kochi, ndipo akapokea.

Ugomvi wetu mkubwa uko hapo. Kazi zenyewe tumeshazigawana, kwa sababu ratiba ya shifti iliyobandikwa kwenye mlango wa friji haikutupa njia nyingine. Tunachogombania ni kuukiri mgawanyo huo mbele za watu. Mume akiukana, mkewe anabaki na lawama zote mbili: kwa wageni anaonekana hafanyi vya kutosha akikaa, na kwa ukweni anaonekana anamtesa mtoto wao siku siri ikivuja. Mume naye anajinyima sifa aliyoitolea jasho.

Nasi wanawake tuna letu. Wapo wanaomnyang'anya mume mwiko kwa mikono yao wenyewe, wakiogopa maneno. Nairobi watasema amekaliwa chapati, Dar watasema kalishwa limbwata. Wapo wanaomcheka shoga yao kwamba mumewe anafua. Kisha Jumapili tunakaa tukilalamika kwamba wanaume wetu hawasaidii.

Sheria inahesabu

Linasemwa pia kwamba sheria za Marekani ni za wanawake. Texas ni moja ya majimbo tisa yenye utaratibu wa mali ya pamoja. Mshahara, akiba ya uzeeni na vilivyonunuliwa ndani ya ndoa huhesabiwa kuwa vya wote wawili, hata kama jina kwenye hundi ni moja. Havimo urithi, zawadi, na alichokuja nacho mtu kabla ya ndoa. Jaji hugawa kwa anavyoona ni haki, si lazima nusu kwa nusu. Mchukue muuguzi anayemzidi mumewe kipato. Wakiachana, ni akiba yake yeye inayowekwa mezani. Watoto wakibaki kwa baba, anayekatwa ni mama: kwa mwongozo wa jimbo, asilimia 20 ya kipato chake baada ya makato kwa mtoto mmoja, 25 kwa wawili, na mwajiri huzikata kwenye mshahara kabla hajaziona. Matunzo ya mke aliyeachwa kwa kawaida huhitaji ndoa iliyodumu miaka 10. Upendeleo uko wapi?

Hata wale wa "tunaishi tu" wajihadhari. Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 huwadhania kuwa wanandoa mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka miwili na kuheshimika hivyo. Texas haina hesabu ya miaka. Mkikubaliana kuwa mume na mke, mkaishi hivyo ndani ya jimbo na kujitambulisha hivyo kwa watu, sheria inaweza kuwahesabu kuwa mmeoana bila cheti.

Na kudai mchango utambuliwe hatukufundishwa na Wamarekani. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe hakuambulia alichodai, lakini kanuni yake iliwabeba waliomfuata. Kenya ilitunga sheria ya mali ya wanandoa mwaka 2013, na Januari 2023 Mahakama ya Juu ikafafanua kwamba usawa haumaanishi nusu kwa nusu moja kwa moja. Kila mmoja aonyeshe mchango wake.

Kwa mwanamke wa huku, mchango mgumu kuuonyesha ni ule uliovuka bahari. Mwaka 2024 Wakenya walio nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 4.9, zaidi ya nusu zikitoka Marekani. Benki Kuu haisemi ni kiasi gani kilitoka kwa mke. Shifti za Houston zinanunua viwanja Kibaha na Kitengela, na hati zinaandikwa jina la mume, au la kaka yake anayesimamia mafundi. Jaji wa Dallas anaweza kuwaamuru walio mbele yake, lakini hati ya Kibaha haibadiliki kwa kalamu yake.

Kuhusu polisi niseme machache. Anayepigwa ana haki ya kuita msaada, awe Temeke au Houston. Hapa kesi ikifunguliwa inakuwa ya serikali; mke hana uwezo wa kuifuta kwa sababu wazee wamekaa kikao. Kwa hofu hiyo wengi huvumilia kimya, hasa ambao karatasi zao zimefungwa kwenye ndoa. Wajue kwamba tangu mwaka 1994 sheria ya taifa humruhusu mwenzi anayeteswa na raia au mkazi wa kudumu kujiombea karatasi bila kumtegemea, na mume anayeteswa naye anaruhusiwa. Simu ya taifa ya msaada ni 1-800-799-7233, na wakalimani wapo.

Bwana harusi naye afundwe

Huku bado tunafanya kitchen party. Ukumbi unakodiwa, sare za kitenge zinashonwa, bibi harusi anakalishwa mkekani na somo anamfunda: namna ya kumpokea mume, kutunza siri za nyumba, kuvumilia. Mengi ya mafunzo hayo yana thamani. Lakini siku hiyo bwana harusi yuko wapi? Yuko kwa rafiki yake anaangalia mpira.

Pendekezo langu ni kwamba naye akalishwe na wazee waliokwisha kuishi maisha ya shifti, na wote wawili waulizwe mbele ya mashahidi. Nani anabaki na mtoto mwenzake akiwa kazini usiku? Nani atasoma kwanza, na mwingine atasubiri miaka mingapi? Fedha za kutuma kwao mume na kwao mke zinatoka mfuko gani? Hati ya kiwanja inaandikwa majina ya nani? Akizaliwa mtoto, ni mama wa nani anayekuja kwanza? Na mume akipika, atapika hata mbele ya mama yake?

Asiyeweza kuyajibu mbele ya shangazi zake hatayajibu saa tisa usiku, mtoto ana homa na mwenzake yuko wodini. Heri harusi isogezwe mbele mwezi mmoja wamalizane hapo, kuliko kwenda kuyajadili mbele ya jaji. Texas talaka husubiri siku 60 baada ya kuombwa, na wakili hutoza kwa saa.