Nani Yupo Saa Tisa Usiku?

Nilipostaafu uuguzi nilidhani nitapumzika. Hapa Ipagala, Dodoma, mtu akishajua ulikuwa nesi, bado hujastaafu. Bodaboda atakuuliza dozi ya malaria, mama wa genge atakuonyesha mguu uliovimba, na siku hizi zaidi naitwa kwenye vikao vya familia. Baba amepata kiharusi, au mama ameteleza bafuni akavunjika nyonga, hospitali imemruhusu, sasa wafanyeje? Naingia, tunaamkiana, napewa kiti. Nakuta wameshahesabu dawa, nauli na chakula. Nawaacha wamalize, halafu nauliza: nani yupo na mzee saa tisa usiku?

Hapo macho yote humgeukia binti mmoja, mara nyingi yule ambaye hajaolewa au aliyeachika akarudi nyumbani, na ambaye hajasema neno tangu kikao kianze.

Vikao vyetu huanza na hela. Mimi nawaambia waanze na saa. Wiki ina saa 168. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 45 za kawaida za kazi kwa wiki, mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki, na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Dada wa kazi naye yumo humo, ingawa wengi tunajifanya hatujui. Maana yake, hata ukiajiri msaidizi na kumtendea haki, zinabaki saa 123 ambazo mzee yuko mikononi mwa ndugu, au yuko peke yake. Si zote ni za kazi. Mzee atalala, atasikiliza redio, atapunga upepo barazani. Lakini lazima kuwe na mtu wa kuitika akiita.

Familia moja ya jirani zangu ilikuwa na watoto wanne. Mkubwa yuko Dar es Salaam, na siku ile alikuwa kwenye simu, spika imewekwa mezani. "Bibi Nesi," akaniambia, "mimi nitatuma laki mbili kila mwezi, hilo halina shida." Nikamjibu, "Laki mbili ni nzuri, mwanangu, lakini haimgeuzi baba yenu kitandani." Dada yake alikuwa ameshafunga genge lake la mboga miezi kadhaa akimuuguza mzee. Hakuna aliyeiingiza faida ya lile genge kwenye hesabu. Kila mmoja aliandikwa anachotoa; yeye aliyetoa riziki yake yote akaandikwa sifuri.

Tulipanga upya. Msaidizi wa kuja asubuhi na kurudi jioni akalipwa kutoka kwenye ile laki mbili. Wa pili na wa tatu wakachangia fungu la kumlipa dada yao kila tarehe mosi, kama mshahara. Mjukuu mmoja anayeishi Bahi akapewa zamu ya usiku wa Ijumaa na Jumamosi ili shangazi yake alale. Genge likafunguliwa tena, nusu siku.

Kuhusu malipo ya msaidizi, Amri ya Kima cha Chini cha Mshahara iliyoanza Januari 2023 ilitaja shilingi 60,000 kwa mwezi kwa msaidizi wa nyumbani anayeishi kwa mwajiri wa kawaida, na 120,000 kwa anayekuja na kurudi kwake. Viwango hivi hupitiwa upya, kwa hiyo pitieni ofisi ya kazi kabla ya kuandika mkataba. Ila mjue kwamba hicho ni kiwango cha chini kabisa, kwa mtu wa kupika na kufua. Binti aliyetolewa Kondoa kuja kulea watoto, kisha akaongezewa babu wa kilo themanini asiyejigeuza, huyo mmembadilishia kazi bila kumwambia. Akitoroka alfajiri na begi lake, msiseme mabinti wa siku hizi hawana adabu.

Na kazi yenyewe ina ufundi. Chukua kanga, ikunje mara mbili, itandike chini ya mgonjwa kuanzia mabegani hadi chini ya makalio. Watu wawili wasimame kila mmoja upande wake, waviringishe pindo la kanga mpaka karibu na mwili, washike, wahesabu pamoja, wamnyanyue. Wasimburute; kuburuta ndiko kunakochuna ngozi. Mto mmoja uwe mgongoni, mwingine katikati ya magoti, na visigino visilalie godoro. Hivyo kila baada ya saa mbili, mchana na usiku. Vitabu husema mtafute wekundu kwenye ngozi, lakini ngozi zetu nyeusi hazionyeshi wekundu kirahisi. Papasa nyonga, kiuno na visigino kwa nyuma ya kiganja, usikilizie joto au ugumu. Kidonda cha kulala kikishafunguka, gharama ya kukisafisha itakula mshahara wa msaidizi uliyemwona ni ghali.

Mmeona nimesema watu wawili. Anayefanya kazi hii peke yake mwaka mzima huishia naye kuwa mgonjwa wa mgongo, na hapo familia ina wagonjwa wawili.

Baada ya saa, ndiyo njooni kwenye hela. Andikeni vitu vinavyojirudia kila siku, maana hivyo ndivyo vinavyomaliza mfuko. Pampasi za wakubwa nne kwa siku ni 120 kwa mwezi. Zidisheni kwa bei ya duka lenu. Sabuni. Maji ya kufulia shuka, na Dodoma tunajua mgao unavyotutenda, kwa hiyo tangi au mapipa yaingie kwenye hesabu. Uji, matunda, mboga laini kama mlenda, ambao mgonjwa wa kiharusi huumeza kwa urahisi kuliko ugali mkavu, mradi awe amekaa wima na asilazwe mara baada ya kula.

Bima haitawatoa hapa. Mtoto aliye mwanachama wa NHIF kupitia mwajiri wake anaweza kuwaandikisha wazazi miongoni mwa wategemezi wake wanne, na afanye hivyo leo. Kadi hiyo italipa daktari, vipimo na dawa. Haimlipi mtu wa kumwogesha baba. Kwa mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo, Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 iliweka matibabu bila malipo. Anzeni kwa mwenyekiti wa mtaa na afisa ustawi wa jamii mpate kitambulisho. Lakini nayo inaishia kwenye mlango wa zahanati.

Wenzetu wa Zanzibar walianza Aprili 2016 kumlipa kila mzee wa miaka 70 na zaidi pensheni, awe alikuwa mvuvi au katibu. Ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi. Ndogo, lakini ni ya kila mtu. Huku Bara, mkulima wa uwele wa Chamwino hana pensheni ya namna hiyo. Asipokuwa kwenye kaya zinazosaidiwa na TASAF, pensheni yake ni watoto wake. Kwa maoni yangu hilo ni deni la Serikali, na sioni haya kulisema hapa makao makuu.

Waliokuwa watumishi wa umma wana mfuko wa pensheni wa PSSSF, uliozaliwa 2018 kwa kuunganisha mifuko ya zamani. Kikokotoo cha pensheni kimepigiwa kelele sana: malipo ya mkupuo yalishushwa hadi asilimia 33 mwaka 2022, yakapandishwa hadi 40 kwa bajeti ya 2024. Mimi naangalia yanavyotumika. Tangu Serikali ihamie Dodoma, Ipagala imejaa vyumba vya kupangisha, na kila mstaafu anataka kuongeza viwili uani. Sawa. Lakini kabla ya tofali la chumba cha mpangaji, fundi avunje ile ngazi ya mlangoni aweke mteremko, atoboe mlango wa choo upitishe kiti cha magurudumu, aweke choo cha kukalia na bomba imara la kushikia ukutani. Na kodi ya chumba kimoja itengwe kabisa: hiyo ni ya mwangalizi, siku ikifika. Huo ndio mpango mzuri wa kulipia uzee niliouona mtaani kwetu, na unasimamiwa na mama aliyeishia darasa la saba.

Kuna makaratasi pia. Mzee akiwa bado na akili timamu, apelekwe kwa wakili akaandike hati ya uwakili, ataje nani ashughulike na benki yake. Kadi ya benki na namba ya siri kuzunguka mikononi mwa wajukuu si mpango. Mstaafu wa PSSSF hutakiwa kuhakikiwa kwamba yu hai. Asiyeweza kutoka kitandani anaweza kuhakikiwa kwa simu ya kisasa kupitia PSSSF Kiganjani, basi msimbebe juu ya bajaji kwenda kupanga foleni.

Ulizeni vilevile kama mtaa wenu una wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Mpango wao wa kitaifa ulizinduliwa Januari 2024 kwa lengo la kupata wahudumu zaidi ya 137,000 ndani ya miaka mitano. Hawa hawaji kufua wala kulala na mgonjwa, ila watamtembelea na kumwelekeza kituoni mapema.

Huwa naulizwa na vijana, wakinong'ona, kama kuna mahali pa kumpeleka mzee. Serikali ina makazi ya wazee. Ya karibu nasi ni Sukamahela, Manyoni. Yamewekwa kwa wazee wasiojiweza na wasio na ndugu wa kuwatunza. Kama una kazi nzuri na gari, mzazi wako hana sifa.

Kwa hiyo iteni kikao mzee akiwa bado anatembea, naye akae humo aseme anataka kuogeshwa na nani na hataki kuogeshwa na nani. Mwenye daftari aandike zamu za usiku kwanza, kisha malipo ya yule anayebaki nyumbani. Michango ya wengine ifuate.