Turbo King: nyeusi, tamu, ina ladha ya karanga

Anayefanya biashara kati ya Gisenyi na Goma anaijua kwa sura: Turbo King, bia nyeusi ya Bralima ya Kongo, ambayo Bralirwa nayo imeitengeneza upande wa Rwanda. Wengi huinywa vibaya.

Kosa ni friza. Ubaridi mkali huua ulimi, ukabaki na maji meusi uliyoyalipia. Iache mezani dakika kumi, kisha imimine kwenye glasi. Ukiiinua kwenye taa, weusi unageuka wekundu wa hudhurungi.

Funda la kwanza ni tamu, kama sukari iliyoungulia sufuriani. La pili ndilo zuri: karanga za kukaanga, zile zilizokawia motoni kidogo, na maganda yake. Humo ndani hamna karanga. Ladha hiyo ni ya kimea, yaani nafaka iliyooteshwa, ikakaushwa na kuchomwa hadi ikawa nyeusi. Rangi nayo hutoka humohumo. Uchungu huja mwishoni, kidogo tu, ukatoweka.

Utamu huo lakini unaficha makali. Turbo King ina nguvu kuliko Primus, na aliyezoea Primus tatu akihesabu vilevile hapa, asubuhi atahesabu mtaji usiotimia.

Kwa chakula, sambaza za Kivu haziifai. Chumvi yao huifanya iwe na utamu wa kukinaisha. Mishikaki ya mbuzi iliyoungua pembeni, hiyo ndiyo mwenzake. Chupa moja inatosha, hasa kama mzigo bado haujavuka.