Jokofu Kubwa katika Nyumba ya Pwani: Namna ya Kupima Ukubwa na Kutafuta Hitilafu

Mwezi wa Februari, wakati kaskazi ingali ikivuma, nilifika Kilwa Masoko nyumbani kwa dada yangu nikakuta watoto wawili wamelazwa kivulini, vichwa vinagonga, nyuso zinawaka na midomo inawawasha. Usiku uliotangulia walikuwa wamekula jodari. Samaki huyo hakunuka, wala hakuwa mlegevu, na alikuwa amekaa siku mbili ndani ya jokofu. Watoto walipona kabla ya machweo, lakini jokofu lile lilibaki kuwa shitaka mbele yetu. Lilikuwa kubwa, la lita mia sita hivi, karibu jipya, nalo katika mwaka mmoja lilikuwa limejazwa gesi mara tatu. Shemeji yangu aliniuliza, "Shemeji, ninyi mliosoma ng'ambo, hii gesi inakwenda wapi?"

Kabla ya kumjibu, yafaa tufahamu jokofu ni kitu gani. Watu wengi hudhani kuwa mashine hii hutengeneza baridi na kuihifadhi kama vile mtungi unavyohifadhi maji. Sivyo. Jokofu ni pampu ya joto. Ndani yake mna mvuke wa kemikali uzungukao katika bomba lililofungwa. Kompresa huukandamiza mvuke huo hadi ukawa moto, kisha ukapita katika koili ya nje, ukatoa joto lake katika hewa ya jikoni na kugeuka kuwa kimiminiko. Kimiminiko hicho hupenyezwa katika kijibomba chembamba mno, kikatokea upande wa pili ambako mkandamizo ni mdogo; huko huchemka, na katika kuchemka hunyonya joto la samaki, la maziwa na la hewa iliyomo ndani. Joto lote lililonyonywa, pamoja na nishati ya umeme iliyotumiwa na kompresa, lazima litoke jikoni kwako. Lisipopata njia ya kutoka, jokofu hushindwa, hata likiwa na gesi kamili.

Sasa na tuitazame pwani yetu. Ukuta wa jokofu hupitisha joto kwa kadiri ya tofauti kati ya halijoto ya nje na ya ndani. Jikoni mwenye nyuzi 20 za Sentigredi, jokofu lililotulia katika nyuzi 4 hupambana na tofauti ya nyuzi 16. Jikoni mwa Lindi mwenye nyuzi 32, tofauti ni nyuzi 28, yaani mara moja na robo tatu ya ile ya kwanza. Ndiyo maana watengenezaji huyapa majokofu daraja za tabia ya nchi. Alama N huonyesha kwamba chombo kimeundwa kwa hewa isiyozidi nyuzi 32, ST nyuzi 38, na T nyuzi 43. Alama hiyo huandikwa katika kibandiko kidogo ndani ya jokofu. Anayenunua jokofu la kutumia Kilwa na aitafute hiyo kabla ya kuuliza rangi, asikubali N.

Lakini adui mkubwa zaidi wa jokofu la pwani ni unyevu, na hili halisemwi sana. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80 hubeba gramu 24 hivi za maji. Ikipozwa hadi nyuzi 4 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 6 na ushei; nyingine zote hudondoka kama umande au huganda kuwa barafu. Tuchukue jokofu ambalo chumba chake cha juu kina lita 400, na tuseme kila lifunguliwapo hewa yote hubadilika. Kuipoza hewa yenyewe kunadai kilojuli 12 au 13. Kuyatoa maji yaliyomo, ambayo ni gramu 7 tu, kunadai kilojuli 17 au zaidi. Joto lililofichika katika unyevu linalishinda joto la hewa yenyewe! Familia ikifungua mara arobaini kwa siku, zaidi kidogo ya robo lita ya maji hukusanyika ndani katika umbo la matone na barafu, nayo yote lazima yapate njia ya kutoka.

Hapo ndipo jokofu la milango miwili linapopata sifa na pia ugonjwa wake. Milango yake hufunguka kutoka katikati, mmoja kulia na mmoja kushoto, na chini kuna droo ya kugandishia. Ukifungua ubawa mmoja tu, hewa inayomwagika ni kidogo. Na kwa kuwa kila ubawa ni mfupi, huhitaji nafasi ndogo mbele yake katika jiko jembamba. Aliyewahi kuziona nyumba kongwe za Kilwa Kivinje ataelewa upesi umbo hili. Mlango wa kale wa pwani una mbao mbili na katikati yake mna mfaa, ule mhimili uliopigiliwa katika ubao mmoja ili kuziba ufa. Jokofu hili nalo lina mfaa wake: kibamba chembamba kilichoshikamana na mlango mmoja, kinachojikunja mlango ufunguliwapo na kujinyoosha ufungwapo. Kwa kuwa kibamba hicho hukaa kati ya baridi ya ndani na mvuke wa nje, watengenezaji wengi hutia ndani yake waya wa kukipasha joto kidogo kisitoke jasho. Basi ukiona mfaa unatiririka maji wakati wa kaskazi, usikimbilie kusema jokofu limekufa. Tazama kwanza kama kuna kitufe cha kubana umeme kilichouzima waya huo, kama kibamba hujinyoosha sawasawa, na kama mpira wa mlango umepasuka. Mpira hupimwa kwa noti: ibane mlangoni, kisha ivute, ikitoka bila kukinza, hewa hupita hapo.

Kuhusu ukubwa, maoni yangu yatawaudhi wauzaji. Nyumba ya watu sita inayonunua samaki na mboga kila siku au kila baada ya siku mbili haihitaji lita 600. Lita 250 hadi 300 zinatosha. Jokofu kubwa lina eneo la nje la mita 7 za mraba hivi, na dogo lina mita 4. Eneo lote hilo huingiza joto usiku na mchana, kiwemo kitu ndani au kisiwemo. Ni kweli kwamba kuna nyakati ambapo akiba huokoa. Mwezi Mei mwaka 2024 mvua za Kimbunga Hidaya zilipoikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi katika Wilaya ya Kilwa, mwenye akiba ya chakula alishukuru. Hata hivyo, kwa kusudi hilo, na kwa wale wanaoweka pweza na samaki wa kuuza, bora ni friza la kulala lifunguliwalo juu, kwani hewa baridi ni nzito na haimwagiki kifuniko kinyanyuliwapo.

Aliyekwisha kuamua kununua kubwa na apime pia milango ya nyumba yake. Majokofu haya mengi yana upana wa sentimita 90 hivi. Dada yangu alilazimika kung'oa fremu ya mlango wa ua.

Ukubwa wa chumba si sawa na nguvu ya kupoza, na kosa hili ndilo huharibu samaki. Kugandisha kilo 10 za samaki kutoka nyuzi 30 hadi nyuzi 18 chini ya sifuri kunadai kuondoa kilojuli 3,900 hivi, zaidi ya nusu yake zikitumika katika kuyageuza maji ya mwilini mwa samaki kuwa barafu. Kompresa yenye uwezo wa kuondoa wati 120 za joto itafanya kazi saa tisa mfululizo kwa shughuli hiyo pekee, licha ya joto lipitalo ukutani. Anayejaza droo kwa kilo 30 kwa mkupuo ajue kwamba samaki wa katikati watakesha wakiwa vuguvugu. Katika jodari, vibua na nguru, bakteria hutumia saa hizo kutengeneza histamini, na sumu hiyo haiondolewi kwa kupika wala kwa kukaanga. Bila shaka hiyo ndiyo iliyowapata watoto wale. Samaki na wafike nyumbani wakiwa tayari wamepozwa kwa barafu ndani ya deli, kisha wapangwe kwa tabaka nyembamba.

Tuje kwenye hitilafu. Kifaa cha kwanza ni kipimajoto ndani ya bilauri ya maji, kilichoachwa rafu ya kati usiku kucha. Hewa hubadilika kila mlango ufunguliwapo, maji husema kweli. Isomeke kati ya nyuzi 2 na 5. Nyumba inayoweka insulini na iwe makini maradufu: dawa hiyo hutaka nyuzi 2 hadi 8, nayo ikiganda huharibika, kwa hiyo isiwekwe karibu na tundu litoalo hewa baridi. Kifaa cha pili ni mita ya LUKU. Zima vyombo vingine vyote wakati wa kulala, andika uniti, kisha andika tena alfajiri.

Kompresa ikilia "tak" na kunyamaza kila baada ya dakika chache, shuku umeme kabla ya jokofu. Volti za kwetu ni 230. Mwishoni mwa laini ndefu, saa za jioni, hushuka, na mota hukosa nguvu za kuanza. Fundi na apime volti wakati kompresa inajaribu kuanza, si kabla. Umeme ukikatika na kurudi, jokofu lisubiri dakika tano ili mkandamizo wa pande mbili za bomba usawazike. Frijigadi hufanya kazi hiyo.

Droo ya chini ikiwa baridi na chumba cha juu vuguvugu, aghalabu koili ya ndani imefunikwa na barafu, kwa sababu kipashio cha kuyeyushia kimeungua au feni imekwama. Zima jokofu, acha milango wazi siku nzima. Likipona kisha likaugua tena baada ya wiki moja au mbili, ugonjwa ni huo. Maji yakitanda chini ya droo za mboga, tundu la kutolea maji limeziba. Maji ya uvuguvugu na bomba la sindano hutosha.

Na gesi? Gesi hailiki kama petroli. Huzunguka miaka ishirini pasipo kupungua, ila bomba likitoboka. Hewa ya chumvi ya pwani hutoboa bomba kwelikweli, hasa kwenye maungio, lakini hapo wajibu wa fundi ni kutafuta tundu, kuliziba, kuvuta hewa yote, kisha kutia gesi kwa mizani kama kibandiko kisemavyo. Majokofu mengi ya sasa hutumia isobuteni, iandikwayo R600a, ambayo haidhuru ozoni kama R12 ya zamani lakini hushika moto. Anayechomelea bila kufungua madirisha anahatarisha nyumba.

Katika jokofu la shemeji hapakuwa na tundu. Koili ya nje imefichwa ndani ya bati la ubavuni, kulia na kushoto, nalo lilikuwa limesukumwa katika shubaka la ukuta pasipo nafasi hata ya kupitisha kiganja. Bati lilichoma mkono. Kila fundi alipokuja, alilivuta hadi katikati ya jiko, akaongeza gesi, nalo likapoza vizuri mbele ya macho ya wote; alipoondoka, likarudishwa shimoni. Gesi yenyewe ilikuwa imezidi. Tulimwita fundi mwingine aipunguze kwa mizani, tukaliweka jokofu ukuta wa kivulini, sentimita 10 kila upande. Asubuhi ya pili bilauri ilisoma nyuzi 4. Shubaka sasa linakaa mitungi ya maji.