Fahamu: UFO ni nini, na kwa nini Ruwa bado inatajwa?

UFO ni kitu kilichoonekana angani kisitambulike. Basi. Neno lenyewe halimaanishi chombo cha viumbe wa sayari nyingine, ingawa wengi hulisikia hivyo.

Watoto wa Ruwa

Septemba 16, 1994, wanafunzi wapatao 60 wa shule ya Ariel mjini Ruwa, karibu na Harare, Zimbabwe, walikuwa mapumzikoni, walimu wao wakiwa kikaoni. Walirudi mbio wakisema wameona kitu king'aacho ng'ambo ya uwanja, na kiumbe mwenye macho makubwa meusi.

Mkusanyaji

Cynthia Hind, aliyekusanya taarifa za UFO barani Afrika kwa miaka mingi, aliomba watoto hao wachore walichokiona. Vyombo vyenye umbo la kisahani na macho hayo makubwa vilijaa kwenye karatasi. Lakini aliwahoji kwa makundi, mmoja akisikia ya mwenzake, na hilo ni doa zito. Baadaye akaja kuwahoji pia John Mack, daktari wa akili wa Chuo Kikuu cha Harvard.

Roketi

Siku mbili kabla ya tukio hilo la Ruwa, masalia ya roketi ya Urusi yaliwaka angani kusini mwa Afrika, na gumzo la vyombo vya ajabu likatanda. Pamoja na hayo, baadhi ya watoto wale, sasa watu wazima, hawajabadili kauli.