Mlango wa Nyuma wa Nyumba ya Kompyuta

Mwalimu wa darasa, kabla hatujaanza, tafadhali andika ubaoni maneno haya matatu: seva, kipoza hewa, neno la siri.

Wengi wenu mna simu za mkononi. Ukimpelekea mama yako fedha kwa simu, fedha hizo hazimo ndani ya simu. Hesabu yake imeandikwa katika kompyuta zenye nguvu ziitwazo seva. Seva nyingi huwekwa pamoja katika nyumba moja maalumu, nayo huitwa kituo cha data. Humo huwekwa pia hesabu za benki na habari za wagonjwa wa hospitali.

Seva hufanya kazi usiku na mchana, na kila kompyuta ifanyayo kazi hutoa joto. Mafundi hushauri ya kwamba hewa iingiayo katika seva iwe baina ya digrii 18 na 27 za Selsiasi. Kwa hiyo nyumba hiyo ina vipoza hewa, umeme wa akiba, ving'ora vya moto na makufuli ya milango. Vyote hivi huongozwa na kompyuta nyingine, ambazo leo tutaziita kompyuta za nyumba. Kompyuta ya nyumba hupima joto; likizidi, huamuru vipoza hewa viongeze kazi.

Je, vipoza hewa vikishindwa, hasara ni nini? Tarehe 19 Julai 2022, joto la mji wa London, Uingereza, lilipita digrii 40. Vituo viwili vya data vya hospitali za Guy's na St Thomas' vilishindwa kwa joto. Madaktari hawakuweza kusoma habari za wagonjwa wao katika kompyuta. Ilibidi warudie kalamu na karatasi, na wagonjwa wengine wakaahirishiwa matibabu. Kurudisha kazi zote katika hali yake kulichukua wiki kadhaa.

Siku ile hapakuwa na mhalifu. Lilikuwa ni joto tu. Lakini fikirini: mtu mbaya akiweza kuiamuru kompyuta ya nyumba izime vipoza hewa, ataleta msiba kama ule bila kugusa seva hata moja.

Je, mtu huyo anaweza kuingia? Naam, anaweza. Mitambo mingi ya zamani hutii amri bila kuuliza aliyeamuru ni nani. Kisha wenye nyumba huiunga na intaneti, ili fundi aitazame akiwa mbali. Njia apitayo fundi, mwizi naye aweza kuipita.

Mwaka 2013, wataalamu wawili wa usalama waliiona katika intaneti kompyuta ya nyumba ya ofisi ya Google mjini Sydney, Australia. Programu yake ilikuwa ya zamani, haijatengenezwa kasoro zake. Wakapata neno la siri, wakaona ramani za ghorofa na mabomba ya maji. Hawakuharibu kitu, bali waliwaarifu wenyewe, na kompyuta ile ikatolewa katika intaneti. Ikiwa kampuni kubwa namna hiyo ilisahau mlango wa nyuma, nani asiyeweza kusahau?

Basi, yatupasa kufanya nini? Mambo ni matano.

Kwanza, andika orodha ya kompyuta zote za nyumba. Usichokijua huwezi kukilinda.

Pili, badili neno la siri lililotoka kiwandani. Neno hilo limechapwa katika vitabu vya maelezo, na wengi wanalijua.

Tatu, tenga mtandao wa kompyuta za nyumba na mitandao mingine, wala usiuache wazi kwa intaneti.

Nne, fundi wa nje afunguliwe njia wakati wa kazi tu, na kazi ikiisha, ifungwe. Mtu akiacha kazi, ruhusa yake ifutwe siku ile ile.

Tano, tundika ukutani kipimajoto kisichounganishwa na kompyuta yoyote, na mjifunze kuendesha vipoza hewa kwa mkono. Mwizi aweza kuidanganya kompyuta ionyeshe baridi mahali penye joto, lakini kipimajoto cha ukutani hakifikii.

Pengine wewe msikilizaji ni mlinzi au msaidizi wa fundi katika nyumba kama hiyo. Usiseme, "Hayo ni mambo ya wasomi." Ukihisi chumba kina joto nacho kioo cha kompyuta chasema ni baridi, mwite mkubwa wako mara moja. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Sasa jadilianeni darasani:
1. Kwa nini seva huhitaji hewa ya baridi?
2. Mhalifu awezaje kusimamisha seva bila kuzigusa?
3. Katika mambo matano, lipi laweza kufanywa leo bila gharama?

Kwaherini, na Mungu akipenda tutakutana katika somo lijalo.