Nyumba 3-4 Ikigeuka Aprili: Fungua Faili ya Malipo Bila Kuharibu Rekodi

Tuseme una ploti Jamhuri, hapo karibu na Ngong Road, na wapangaji wanalipa kodi kwa Paybill. Kwenye sehemu ya akaunti kila mmoja huandika nyumba yake: 3-4, 005, 2E3. Mwisho wa mwezi unapakua taarifa ya malipo kama faili ya CSV, unaibonyeza mara mbili, Excel inafunguka. Nyumba 3-4 haimo. Mahali pake pana 3-Apr. 005 imekuwa 5, na 2E3 inasomeka 2.00E+03, yaani elfu mbili! Mpangaji kalipa, ujumbe uko kwa simu yake, na wewe ushaanza kumdai.

Pesa haijapotea. CSV ni maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa koma, na haisemi lipi ni hesabu na lipi ni jina tu. Kwa hivyo Excel inakisia. Hata namba za simu haziponi: 0 ya mbele huanguka, na ile inayoanza na 254 ina tarakimu 12, basi inatokea kama 2.54712E+11. Wanasayansi nao yamewakuta. Mwaka 2020, kamati inayotoa majina rasmi ya jeni za binadamu ilibadilisha MARCH1 kuwa MARCHF1, maana Excel ilikuwa ikiifanya tarehe.

Usiibonyeze faili mara mbili. Fungua Excel tupu kwanza, nenda "Data", kisha "From Text/CSV", chagua faili, halafu "Transform Data". Bonyeza kichwa cha safu ya akaunti na ubadilishe aina iwe "Text". Hapa ndipo wengi hukosea: Excel itauliza kama unataka "Replace current" au "Add new step". Chagua "Replace current". Ukichukua ile nyingine, safu inageuzwa maandishi wakati sifuri ishaanguka, na umefanya kazi bure. Rudia kwa safu ya simu. Ya kiasi iache ilivyo, la sivyo jumla haitatoka. Maliza kwa "Close & Load".

Kama ulishafungua faili kwa njia ya zamani na uka-save, kuibadilisha safu sasa hakurudishi kitu. Pakua taarifa upya. Na kabla ya kumwandikia mtu notisi, tafuta malipo yake kwa namba ya muamala iliyo kwenye ujumbe wake.